Dume Mmoja Ghali au Wanne wa Kawaida?

Ndugu msikilizaji, kabla sijaanza naomba radhi. Mazungumzo ya leo yanahusu nguruwe, na najua wako miongoni mwenu ambao mnyama huyu ni haramu kwao, na huenda wengine muda huu wako mezani. Sitazungumzia kumla. Nitazungumzia fedha chache na namna ya kuzigawa. Kama neno nguruwe linakukera, basi kila nitakapolitaja wewe weka mbuzi. Sehemu kubwa ya hesabu itabaki ile ile.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Ifakara kwa shughuli nyingine kabisa, shughuli ya mpunga. Jioni moja mwenyeji wangu akanichukua kwenda kwenye mkutano wa kikundi cha wafugaji, nje kidogo ya mji, upande wa kuelekea mtoni. Wanachama ni 16, wengi wao akina mama, na kwa jumla wana majike 20. Tulikaa chini ya mwembe. Kikundi kilikuwa kimejiwekea akiba kidogo kidogo kwa muda wa miaka 2, fedha zilizotokana na magunia ya mpunga na vitoto vya nguruwe vilivyouzwa. Kopo la fedha lilikuwa juu ya meza, limefungwa kufuli, na ajenda ilikuwa moja tu: dume.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka kadhaa iliyopita mradi mmoja, ambao sitautaja, uliwapa dume mweupe, mrefu, mwenye masikio yaliyosimama wima. Siku ya makabidhiano kulikuwa na hotuba, pilau na wapiga picha. Mwaka wa kwanza majike walizaa watoto 9, wengine 10, na watoto wenyewe walikuwa na afya. Wakafurahi. Wakaendelea na dume yule yule kwa miaka 4, na alipochoka wakamweka mwanawe mahali pake. Siku hizi jike akizaa 6 majirani huja kupongeza, na katika hao 6 mmoja au wawili hawasimami kabisa.

"Dume yule alioa binti zake, mwanangu," mama mmoja mtu mzima aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Kwetu sisi binadamu huo ni mwiko mkubwa. Tukadhani nguruwe hauwahusu."

Hakuna aliyewaambia. Waliogawa dume walikuwa wameshafunga ofisi na kuondoka. Hesabu yake ni nyepesi mno: nguruwe hubeba mimba siku 114, na binti akifika miezi 8 hivi anaweza kupandishwa. Kwa hiyo mwaka mmoja tu baada ya dume kuingia kijijini, binti zake wa kwanza wako tayari kupandwa, na mwenye kuwapanda ni baba yao kwa kuwa hakuna mwingine. Dume anayetolewa bila kuelezwa siku ya kumwondoa ni zawadi nusu.

Turudi kwenye mkutano. Mapendekezo yalikuwa matatu. Katibu wa kikundi, mtu makini anayeandika kila kitu, alitaka wanunue dume mmoja wa mbegu safi kutoka shamba kubwa la mbali, ingawa bei yake ingemaliza karibu kopo zima. Alikuwa na orodha ya sifa anazozitaka: awe mrefu, mweupe pe, mpole, mwenye chuchu nyingi, masikio yawe hivi, mkia uwe vile. Kijana mmoja aliyewahi kupita chuo cha mifugo alipinga. Yeye alitaka madume wanne wa kawaida, wachanga, kutoka koo mbalimbali humu humu bondeni, na fedha zitakazobaki zinunue mizani na daftari. Ama yule mama niliyemtaja, yeye alisema wote wawili wamekosea. Fedha zinunue chakula.

Walibishana mpaka giza likaingia, kisha wakanigeukia mimi. "Bwana mwandishi, wewe unatembea sana. Wenzetu wanafanyaje?" Nikawaahidi kuuliza na kuwajibu humu humu redioni. Nikirudi nilipitia Morogoro nikaketi nusu siku na mtaalamu mmoja wa uzalishaji wa mifugo, aliyeomba asitajwe. Majibu ninayoyatoa ni yangu baada ya kumsikiliza. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, si ya mifugo, kwa hiyo hesabu hizi nimezirudia mara tatu.

Tuanze na swali la kwa nini kugombania dume na si jike. Jike mmoja kijijini, akitunzwa vizuri, huzaa mara 2 kwa mwaka. Tuseme kila uzao wanaopona ni 7, hao ni watoto 14. Dume mmoja akihudumia majike wote 20, watoto wake kwa mwaka huo ni 280. Kila mtoto amepata nusu ya urithi wake kwa baba. Kwa hiyo shilingi iliyotumika kumchagua dume inagusa watoto 280, na shilingi ile ile ikitumika kumchagua jike inagusa 14. Hapa katibu na kijana wako sawa, na mama yetu atuvumilie kidogo.

Lakini kumchagua dume kwa kitu gani? Katibu alitaka watoto wengi, na ni haki yake, maana kilichowaumiza ni watoto kupungua. Tatizo ni kwamba idadi ya watoto katika uzao hurithiwa kwa kiasi kidogo sana. Wataalamu wanaikadiria kuwa kama moja ya kumi. Maana yake ni kwamba jike aliyezaa 12 na mwenzake aliyezaa 8 wanatofautiana hasa kwa chakula, umri, matunzo, siku waliyopandishwa na bahati. Urithi una sehemu ndogo. Mkichagua majike wanaozidi wastani kwa watoto 2, na dume msiyejua lolote kuhusu mama yake, binti watakaozaliwa watazidi wastani kwa moja ya kumi ya kitoto. Moja ya kumi! Mtasubiri vizazi 10 ili mpate kitoto kimoja cha ziada. Mashirika makubwa ya Ulaya yenye maelfu ya majike na kompyuta yanaweza kuisubiri faida hiyo na kuipata. Kikundi cha watu 16 hakiwezi.

Ipo njia ya mkato, nayo ni uchotara. Mbegu mbili zisizo na undugu zikikutana, kwa mfano Large White na Landrace, jike anayezaliwa huwa na nguvu ambayo wazazi wake hawana, na nguvu hiyo huonekana zaidi katika mambo haya haya yasiyorithiwa sana: idadi ya watoto, kupona kwao, na maziwa ya mama. Faida hiyo huja katika kizazi cha kwanza, bila mizani wala daftari. Ubaya wake ni kwamba haihifadhiki. Chotara akipandwa na chotara mwenzake wa aina ile ile, nusu ya nguvu ile hupotea. Ndiyo maana walioanza vizuri na chotara mara nyingi hushangaa wajukuu wakitoka hafifu, wakasingizia uchawi.

Ukuaji ni habari nyingine. Uzito wa nguruwe akiwa na miezi 6 hurithiwa kwa kiasi cha kama theluthi moja, au pungufu kidogo. Tuseme tatu ya kumi. Chukua vijana wa kiume waliokulia pamoja, chagua aliyezidi wastani wa wenzake kwa kilo 10. Watoto wake watapata nusu ya urithi kwake, hivyo tatu ya kumi ya kilo 5, ambayo ni kilo 1 na nusu kwa kila mtoto. Mtu wa mjini atacheka: kilo moja na nusu? Zidisha kwa 280. Ni kilo 420 za nguruwe hai kwa mwaka, na kilichofanyika ni kupima vijana wachache na kumchagua mmoja badala ya mwingine. Kwa bei yoyote ile ya mnadani, mizani imejilipa.

Zingatieni nilivyosema, "waliokulia pamoja." Dume wa shamba kubwa amekula chakula kilichochanganywa kwa vipimo, amekunywa maji ya bomba, amelala kwenye saruji. Uzito wake unatuambia habari za shamba lile kuliko habari za damu yake. Akija Ifakara akutane na pumba za mpunga zilizochanganyika na makapi, huenda akashindwa na kijana wa kijijini ambaye amezizoea. Sisemi kwamba mbegu za nje hazifai, la hasha. Nasema bei si kipimo.

Wadenmark walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1907 walifungua kituo cha kwanza cha kupima nguruwe, ambako watoto wanne wa uzao mmoja waliletwa kutoka mashamba mbalimbali, wakalishwa chakula kimoja chini ya paa moja, kisha wakachinjwa na kupimwa. Kwa njia hiyo waliweza kusema kwamba ukoo huu umeushinda ukoo ule kweli, na si kwamba bwana fulani ana pumba nzuri. Nyama yao iliteka soko la Uingereza. Lakini vyumba vya kituo havikuwa vingi hata kwao, na hapo ndipo lilipozuka swali ambalo ni swali la kopo letu chini ya mwembe: nafasi zikiwa chache, upime madume wengi kidogo kidogo, au wachache kwa uhakika?

Mwaka 1957 mwanasayansi wa Edinburgh, Alan Robertson, alilitafutia swali hilo jibu la hisabati. Tuseme una nafasi 40 za kupimia, na unataka kubakiza madume 2. Ukipima watoto 20 wa kila dume, utawajua madume 2 kwa uhakika kabisa, lakini huna wa kumchagua, maana ni hao hao 2. Ukipima watoto 2 wa kila dume, unao madume 20 wa kuchagua, lakini watoto 2 hawatoshi kukuambia ukweli, utachagua bahati. Kwa sifa kama ukuaji, hesabu inaangukia kati: madume 8 hivi, watoto 5 kwa kila mmoja. Nilipoisikia hesabu hii nilimkumbuka yule kijana wa kikundi. Hajawahi kumsoma Robertson, lakini mizani aliyoitaka ni kitu kile kile.

Na ile orodha ya katibu? Hapa nitakuwa mkali, naye anisamehe. Kila sifa unayoiongeza inapunguza kasi ya nyingine. Ukichagua kwa sifa 4 zisizohusiana na zenye uzito sawa, kila moja itakwenda kwa nusu ya mwendo ambao ingekwenda kama ingekuwa peke yake. Weupe na masikio havijaongeza hata gramu moja kwenye mizani. Chuchu, sawa, zihesabuni, maana kitoto kisicho na chuchu hufa. Chuchu 12 au 14 zilizokaa vizuri na mambo yamekwisha. Baada ya hapo ni ukuaji, basi.

Sasa tufike kwenye lile lililowaumiza, undugu. Mtoto aliyezaliwa na baba na binti yake ana undugu wa damu wa asilimia 25, sawasawa na mtoto wa kaka na dada. Lakini hata mkijitahidi msiwapandishe watu wa karibu namna hiyo, kikundi kinachotumia dume mmoja kwa majike 20, na kujizalishia chenyewe, huongeza undugu kwa karibu asilimia 13 kwa kila kizazi. Wakiwa madume 2, ongezeko hushuka hadi karibu asilimia 7. Wakiwa wanne, ni chini ya asilimia 4. Sasa ongezeni majike badala ya madume, muone: dume mmoja na majike 40, ongezeko bado ni karibu asilimia 13, halikushuka kwa kitu cha kutajika. Penye uhaba wa madume, wingi wa majike hausaidii. Kwa hiyo dume mmoja ghali wa katibu, hata angekuwa bingwa wa maonyesho ya Nane Nane, angewarudisha pale pale walipotoka baada ya mwaka mmoja.

Basi kijana ameshinda? Ngoja kwanza. Dume mkubwa hula kilo 2 au zaidi za chakula kilichochanganywa kila siku, awe na kazi au asiwe nayo. Wanne ni kilo 8 na zaidi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Majike 20 hawana kazi ya kuwatosha madume wanne. Na hapa naona yule mama alikuwa na hoja nzito kuliko tulivyompa. Jike anayenyonyesha akila pumba za makapi hukonda, maziwa hukauka, vitoto hulaliwa au hufa kwa njaa, na yeye mwenyewe huchelewa kuingia joto tena. Mnaweza kuwa na damu ya Denmark ndani ya banda, lakini kama tumbo ni tupu damu haitaonekana. Ifakara pumba zipo tele, kila mtaa una mashine ya kukoboa, ila pumba laini na makapi ya juu huchanganywa katika gunia moja na kuuzwa kwa bei moja. Kiasi kidogo cha dagaa au mashudu ya alizeti kwenye chakula cha jike anayenyonyesha kinaweza kuokoa vitoto vingi kuliko vile ambavyo uchaguzi wa mbegu ungeleta kwa miaka 10. Hesabu ya moja ya kumi mmeisikia wenyewe.

Kuna waliouliza kuhusu uhimilishaji, kwamba kwa nini tulishe dume wakati mbegu inaweza kuletwa kwa chupa. Kwa ng'ombe sawa, mbegu zake hugandishwa zikakaa miaka. Mbegu za nguruwe hazipendi kugandishwa. Kwa kawaida hutumika zikiwa mbichi, zikitunzwa katika nyuzi joto 16 hadi 18, kwa siku chache tu. Joto la mchana la bonde la Kilombero ni kali mno kwake, na friji ya kawaida nayo ni baridi mno. Ni jambo la kulitarajia siku za usoni, si la kulifungulia kopo Jumamosi hii.

Halafu kuna homa ya nguruwe. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na mganga wa mifugo Montgomery, huko Kenya, mwaka 1921, na tangu hapo haujatuacha Afrika Mashariki. Ngiri wanaishi nao bila kuugua, na papasi wa kwenye mashimo yao huubeba. Ukiingia kwenye banda la nguruwe wa kufugwa huua karibu wote, na hauna tiba. Bonde la Kilombero limepakana na mapori, na tangu daraja la mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018, mahali ambapo zamani tulisubiri kivuko, wanyama na nyama hupita kwa wepesi kati ya Ifakara na upande wa Ulanga. Hilo ni jema kwa biashara. Kwa homa ya nguruwe nalo ni jema vile vile. Dume anayetembezwa kutoka ua mmoja hadi mwingine, leo kwa mama huyu na kesho kwa bwana yule, ni basi la abiria kwa ugonjwa huo. Na kama fedha zote za kikundi zimo ndani ya mnyama mmoja, akianguka yeye zimeanguka zote.

Kwa hiyo, wanakikundi, ahadi ni deni, nami nawajibu. Msinunue dume mmoja ghali, na msinunue wanne. Nunueni wawili, wachanga, wasio na undugu, wa mbegu mbili tofauti, mmoja Large White na mmoja Landrace, kutoka kwa wafugaji wanaoweza kuwaonyesha mama wa dume na ndugu zake. Wakifika wakae peke yao, mbali na wengine, wiki 3 au 4 mkiwatazama. Kila mmoja awe na ua wake na majike 10 wake, na jike ndiye aletwe kwa dume akiwa mzima, si dume kuzungushwa mtaani. Nunueni mizani, na wekeni alama masikioni mwa vitoto. Kwa majike msipoteze fedha kuwapima; andikeni tu waliozaliwa na walioachishwa kunyonya, na wale wa mwisho kabisa wauzwe. Kwa vijana wa kiume, pimeni wachache kutoka kila uzao wakiwa na umri mmoja na chakula kimoja. Binti wa dume wa kwanza waende kwa dume wa pili, na wa pili waende kwa wa kwanza. Hao nao wakianza kuzaa, madume wote wawili waondoke. Tafuteni mapema kikundi kingine, ng'ambo ya mto ikibidi, mbadilishane vijana bora mliowapima, wakiwa wachanga, mara moja tu kwa kizazi. Kilichobaki kwenye kopo ni cha mama: dagaa na mashudu, kwa wanaonyonyesha kwanza.

Najua katibu atauliza ni nani atakayeshika daftari wakati wa kilimo, kila mtu akiwa shambani na maji yamejaa. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa Morogoro, na sina jibu lake. Labda mpewe mtoto mmoja wa shule na kalamu.

Juzi nilimpigia simu mwenyeji wangu nikamwomba awadokezee haya kabla hayajasikika hewani, ili wasije wakafungua kufuli mapema. Akaniambia kwamba katibu amenuna kidogo kwa ajili ya masikio, na kijana amekwisha kupata bei ya mizani. Yule mama amekubali mizani inunuliwe kwa sharti moja: kabla ya nguruwe yeyote, litapimwa kwanza gunia la pumba la pale mashineni.